Kamera Yenye Namba Mbili

Siku ya mnada ukumbi ulifurika mpaka mlangoni. Studio kongwe ya picha ilikuwa imefungwa kwa kukosa mrithi, na vitu vyake vyote, viti vya wateja, mapazia yaliyochorwa mawingu, taa, makasha, vilikuwa vinauzwa asubuhi hiyo hiyo. Watu walisukumana kama vile vinagawiwa bure. Katikati ya msukumano huo alijipenyeza binti mmoja mwembamba, gauni la bluu lenye kola nyeupe, samahani kwa huyu, samahani kwa yule, miwani ikimteleza puani. Alifika kwenye meza ya mwisho akashika mpini wa ngozi wa kitu alichokuwa amekikazia macho tangu alipoingia.

Kitu hakikuja. Upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine umekishika.

"Samahani, dada, hili kasha nimeliona mimi kwanza."

Alikuwa kijana mrefu, shati la drafti lililofifia mabegani, penseli nyuma ya sikio na vumbi la mbao kwenye nyusi, kana kwamba amezeeka upande wa juu tu.

"Hili si kasha," binti akasema.

"Ni nini basi?"

"Ni kamera."

"Kamera! Basi na mimi ni rubani."

Kwa kawaida binti huyu akiongea na mgeni sauti humshuka hadi ikapotelea shingoni. Lakini hapa ilimtoka bila kuitwa. "Sogeza mkono wako." Akabonyeza komeo dogo la shaba. Ubao wa mbele ukalala taratibu, na kutoka ndani ukajikunjua mvukuto wa ngozi nyekundu, mkunjo baada ya mkunjo, kama kinanda cha mkono kinachovuta pumzi.

Kijana alibaki mdomo wazi. "Mimi nilitaka mbao zake tu. Mahogani ya namna hii siku hizi huipati. Nina droo ya mteja..."

"Ungeikata?"

"Ningeikata. Sasa hata kuishika naogopa." Akaiachia. "Chukua, dada. Ila ukishajua ni ya nani na ya lini, nipigie unieleze. La sivyo nitakosa amani." Akachomoa penseli sikioni, akaandika namba ya simu pembeni mwa karatasi yake ya mnada.

"Nikipiga niulizie nani?"

"Fundi. Hakuna anayeniita vingine. Na wewe?"

"Kazini wananiita Bi Lebo," akasema, na hapo sauti ikamshuka tena. "Naandika lebo za vitu."

"Hebu niandikie na mimi."

Miwani ilimteleza. Alipomaliza kuipandisha, Fundi alikuwa ameshamezwa na umati.

Bi Lebo alifanya kazi kwenye jumba la makumbusho, chumba cha vyombo vya kale, kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Chuoni alisomea utunzaji wa vitu vya zamani, na kazini alikabidhiwa rafu za kamera. Kamera za mbao za mwanzoni mwa karne iliyopita hufanana kama watoto wa darasa moja waliovaa sare: sanduku la mahogani, shaba, mvukuto, na nyuma kioo chenye ukungu ambacho picha huangukia. Mara nyingi kibati chenye jina la kiwanda huwa kimeng'oka, kikaacha vitundu viwili vya misumari na kivuli cheupe kwenye mbao. Hapo mtambuzi anabaki na vitu vidogovidogo. Kona za mvukuto zimekatwa au ni za mraba? Fremu ya nyuma inageuka au inachomolewa? Ubao wa chini unakunjwa kuelekea wapi? Anapekua katalogi za zamani ukurasa kwa ukurasa mpaka kamera imkubali.

Hii, aliyoinunulia makumbusho, haikumkubali. Mbele ilifanana na kamera za mwaka fulani. Nyuma ilifanana na za miaka saba baadaye. Kila alipokaribia kuandika lebo, upande mmoja uliupinga mwingine.

Siku ya nne akapiga simu.

"Haloo, Fundi? Ni mimi. Wa kamera."

"Bi Lebo! Nilidhani umenitupa."

"Bado sijaijua."

"Kwa hiyo umepiga kuniambia hujui?"

Kweli, alikuwa amepiga kwa nini? Mashavu yalipata joto akiwa peke yake chumbani.

"Usikate," Fundi akasema haraka. "Niambie hayo usiyoyajua. Nina muda."

Wakaongea mpaka sikio likamuuma.

Haukupita muda, makumbusho yakahitaji makabati ya vioo kwa ajili ya maonyesho mapya. Bi Lebo akamtaja Fundi mbele ya mama mkurugenzi kwa sauti ndogo kiasi kwamba alilazimika kurudia mara tatu. Mkurugenzi, mama mnene mwenye vilemba vya kuvutia na ulimi usiozunguka, akamtazama juu ya miwani. "Huyo seremala anajua kazi, au anajua kuongea?"

"Anajua kazi, mama."

"Na kuongea?"

"Na kuongea."

Hivyo Fundi akawa anakuja, rula mkononi, kupima vyumba. Mara zote vipimo vyake viliishia kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Siku moja Bi Lebo akamwonyesha siri. Alifungua kipande cha shaba kwa bisibisi, na chini yake, kwenye mbao ambayo haikuguswa na mwanga miaka yote, palikuwa na namba ya penseli: kumi na nne.

"Walikuwa wanaunda kadhaa kwa mpigo," akamweleza. "Kila kipande kinaandikwa namba ya kamera yake ili kisichanganyike."

"Hata mimi nafanya hivyo kwenye milango."

"Sasa angalia. Kumi na nne hapa. Kumi na nne hapa. Nyuma..." Akafungua shaba ya fremu ya nyuma. Ishirini na saba.

"Kwa nini?"

"Sijui! Ndiyo inanichanganya kichwa."

Fundi akainama nyuma ya kamera, akajifunika kitambaa cheusi. Kutoka chini ya kitambaa kikasikika kicheko. "Bi Lebo! Umening'inia kichwa chini kama popo!"

"Kioo chake kinapindua picha. Wote walikuwa wanaona hivyo."

"Hata hivyo umependeza." Akatoa kichwa, nywele zimevurugika. "Umeshapiga nayo picha ngapi?"

"Hata moja. Hairuhusiwi. Nimetambua kamera thelathini na moja, Fundi, sijawahi kupiga picha hata na moja."

Fundi hakucheka. Aliichukua rula yake, akaanza kuipima kamera, urefu, upana, mkunjo kwa mkunjo, akiandika kwenye kipande cha mbao. "Ni vipimo vya makabati," akasema. Bi Lebo aliamini. Wiki hizo angeambiwa chochote na sauti ile angeamini. Alikuwa anaamshwa na simu saa moja kamili: "Umeamkaje, lebo yangu?" Naye akinong'ona, "Usiniite hivyo, shangazi anasikia." Na shangazi, aliyemlea tangu utotoni, akidakia toka jikoni, "Nasikia, ndiyo! Mwambie na mimi nimeamka salama!"

Halafu mambo yakabadilika, na hakujua yalibadilika lini hasa. Simu za Fundi zikawa fupi. Bi Lebo akisema anapita karakanani kwake, anajibiwa, "Leo usije, mpenzi. Kuna vumbi." Kesho kuna rangi mbichi. Keshokutwa kuna mteja msumbufu. Vidole vya Fundi vilikuwa na madoa ya kahawia ambayo hayakufanana na rangi ya makabati. Akiulizwa anatabasamu na kuangalia pembeni.

"Ana mke," shangazi akatoa hukumu huku akichambua mchele.

"Shangazi!"

"Basi ana mchumba. Mwanamume akikukataza kuingia mahali, mahali hapo pana mtu."

Bi Lebo alijua si kweli, na alijua pia kwamba hajui. Mchana wa Jumanne alishindwa kuvumilia. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani lenye vifungo vya mbao, ambalo Fundi alilisifu, akaenda bila kupiga simu.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Jirani wa duka la vioo akasema ametoka kununua gundi, anarudi sasa hivi. Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na harufu ya mbao na vanishi, makabati ya makumbusho yamesimama safi ukutani, na juu ya benchi, kitu kilichofunikwa shuka.

Akakifunua.

Ilikuwa kamera yake. Mahogani ileile, mvukuto uleule mwekundu, vitundu viwili vya kibati palepale, hata mkwaruzo ule wa kona ya kushoto. Lakini kamera yake alikuwa ameiacha mezani dakika thelathini zilizopita. Pembeni palikuwa na kopo la skrubu za zamani zilizochakaa vichwa na kikombe cha rangi ya kahawia ya kuzeesha mbao. Kipande cha shaba cha fremu ya nyuma kilikuwa hakijafungwa. Chini yake, kwa penseli: ishirini na saba.

Alirudisha shuka jinsi lilivyokuwa, akatoka. Njia nzima hakumbuki alipita wapi.

Kama aliweza kuunda ya pili, nani aliunda ya kwanza? Maswali yakaanza kumiminika. Mnadani Fundi alikuwa ameishika kabla yake. Aliiachia upesi mno. "Ukishajua ni ya nani na ya lini, nipigie." Je, alikuwa ameweka mtego na kusubiri atakayenasa? Ndiyo maana mbele na nyuma havikupatana! Lakini mbona angempigia kila asubuhi, umeamkaje, kwa sauti ile? Na kama ni mwongo, mbona alimwachia kamera wala hakupata chochote? Alipanga sababu upande huu, akapanga upande ule, na zote zilikuwa na uzito sawa. Alishika simu mara tano ampigie amwulize. Mara zote tano aliirudisha mfukoni, kwa kuogopa kwamba akiisikia tu sauti yake, angekubali lolote.

Zilibaki siku tisa kufika maonyesho. Kamera ile ndiyo iliyopangwa kusimama katikati ya ukumbi. Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya mama mkurugenzi na kusema, akiangalia zulia, kwamba kamera huenda ni ya kughushi, na kwamba huenda aliyeighushi ni seremala.

"Huenda?" mkurugenzi akauliza.

"Nimeiona nyingine karakanani kwake."

Mkurugenzi hakuuliza zaidi. Kabla ya chakula cha mchana kamera ilikuwa imefutwa kwenye orodha, na Fundi ameambiwa asilete makabati wala asikanyage pale tena.

Saa nane simu ikaita. Bi Lebo aliiangalia ikiita mpaka ikakaribia kukatika, ndipo akapokea.

"Nimekatazwa kuleta kazi niliyoimaliza," Fundi akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyepotea njia mtaani kwao. "Nimeuliza sababu, nikaambiwa nikuulize wewe."

"Nilikuja jana. Niliona chini ya shuka."

"Uliona." Akavuta pumzi. "Ukadhani nini?"

"Ulitaka nidhani nini? Skrubu za zamani, rangi ya kuzeesha, mpaka namba za ndani! Na mnadani uliiachia haraka..."

"Niliiachia kwa sababu ulikuwa karibu kulia!"

"Sasa ile ni ya nini, Fundi?"

"Ni yako! Ulisema hujawahi kupiga picha hata moja. Mimi sijui kamera, najua mbao. Nimenakili kila nilichokiona, maana sijui kipi ni kamera na kipi ni ubovu. Ishirini na saba nimeiandika kwa sababu ilikuwepo. Ingekuwa na mikwaruzo kumi ningekwaruza kumi." Kisha akaongea kama fundi anayemwelekeza mtu kazi. "Una kalipa hapo, ya kupimia matundu?"

"Ninayo."

"Fungua duara la shaba linaloshika lenzi. Pima tundu la ubao kwa kufuata nyuzi za mti. Halafu pima kwa kukatisha nyuzi. Jibu usiniambie mimi. Jiambie mwenyewe."

Akakata.

Bisibisi iliteleza mara mbili. Alipima kwa kufuata nyuzi: milimita themanini na mbili na nusu. Akazungusha kalipa, akapima kwa kukatisha: themanini na moja na kidogo. Akarudia. Akarudia tena, miwani ikining'inia ncha ya pua. Tundu lililoonekana duara kwa macho halikuwa duara. Lilikuwa limebanwa kama yai.

Chuoni walifundishwa hilo kwenye somo la meza za duara. Alifaulu mtihani na kusahau. Mbao husinyaa upana wake, mwaka hadi mwaka, lakini urefu wa nyuzi haubadiliki. Kinachokatwa duara leo huwa yai baada ya miaka mingi sana, na hakuna rangi wala skrubu iwezayo kuiharakisha. Mtu anayeunda kamera kwenye benchi lake mwezi huu hupata duara kamili. Akafungua fremu ya nyuma akapima tundu la komeo lake. Yai pia. Kongwe mbele, kongwe nyuma. Kamera ilikuwa ya kweli pande zote mbili.

Akaketi. Na hapo, kwa kuchelewa, akayaelewa yote mawili kwa pamoja. Mwongo asingeandika ishirini na saba. Mwongo angesawazisha, angeandika kumi na nne kila mahali ili mambo yapendeze. Hata yule aliyeitengeneza zamani hakudanganya: fremu ilivunjika, mtu wa karakana ileile akachukua ya kamera nyingine iliyoundwa miaka saba baadaye, akaifunga, kamera ikaendelea kufanya kazi. Zilikuwa kamera mbili. Alikuwa amezilazimisha wiki zote hizo ziwe moja.

"Mama, nilikosea," akasema ofisini kwa mkurugenzi.

"Ulikosea kamera au mtu?"

"Mtu. Kamera pia, lakini mtu zaidi."

Mkurugenzi akavua miwani. "Kamera nitairudisha kwenye orodha mwenyewe, na barua ya kumtaka radhi fundi nitaisaini leo. Lakini barua ni ya ofisi, mwanangu. Yako utaipeleka kwa mdomo."

Fundi hakupokea simu. Sio ya kwanza, sio ya sita. Makabati yaliletwa na gari la kukodi, yamefungwa vizuri, bila yeye. Jumamosi mchana Bi Lebo alisimama mlangoni mwa karakana na gauni lake la bluu, mkononi kifurushi cha karatasi za picha na mfuko mweusi wa mikono, usiopitisha mwanga. Fundi alikuwa anapiga randa. Hakuacha.

"Nimepima," Bi Lebo akasema.

"Najua. Nimepata barua."

"Nimekuja kuomba msamaha."

Randa ikaenda, ikarudi. "Hukuniuliza," Fundi akasema. "Neno moja tu. Fundi, hii ni nini? Ningekuambia, ungenicheka, yangeisha. Badala yake ulikwenda kuniweka kwenye orodha ya matapeli."

"Mimi nikiogopa siulizi. Naandika."

"Basi andika na hili: nimekasirika. Na kila mtu akipita pale nje nachungulia kama ni wewe, jambo linalonikasirisha zaidi." Akaashiria benchi kwa kidevu. "Ichukue uende nayo. Lenzi nimeitoa kwenye projekta mbovu."

Bi Lebo hakuichukua. Aliizunguka, akaifungua, akauvuta mvukuto, akatazama kona moja moja. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. "Haijajaribiwa," akasema. "Simama pale dirishani."

"Mimi?"

"Ndiyo. Shika hiyo randa."

"Niko na hasira, nitatoka vibaya."

"Simama hivyo hivyo."

Akasimama, akinung'unika. Bi Lebo akaingiza mikono kwenye mfuko mweusi, akapachika karatasi kwa kupapasa kwenye kishikizo, kibao chembamba kinachoingia nyuma ya kamera. Akaisogeza lenzi mpaka picha ikatulia kali kwenye kioo, akaifunika, akaingiza kishikizo, akashika kifuniko cha lenzi.

"Ni sekunde ishirini. Usitikisike. Usiongee hata neno moja."

"Sekunde ishi..."

"Fundi!"

Akanyamaza. Bi Lebo akaondoa kifuniko, akaangalia saa yake ya mkononi. Ikapita sekunde moja, mbili, tatu, na mtu aliyempenda amesimama mbele yake hawezi kumkatiza wala kucheka wala kuangalia pembeni.

"Siku ile sikukuuliza kwa sababu niliogopa ungenijibu vizuri," akasema, macho kwenye saa. "Nikajikuta nakupima kama kitu cha mezani. Nimekuaibisha mbele ya watu, na nimesema mbele ya watu hao hao kwamba ni mimi niliyekosea. Bado sikuelewi vizuri, Fundi. Ila nimechoka kusubiri nielewe kwanza." Sekunde ya kumi na moja. Sauti ilianza kushuka. Akaipandisha kwa nguvu. "Shangazi yangu yupo nyumbani Jumapili ijayo. Njoo nyumbani."

Dirishani, nyusi zilicheza. Randa ikainama. Sekunde ya kumi na nne Fundi akavunja amri.

"Nije peke yangu," akauliza taratibu, "au nije na watu?"

Kila binti anajua tofauti ya maswali hayo mawili. Miwani ilikuwa imemfika ncha ya pua na hakuipandisha.

"Njoo na watu."

Kifuniko alikisahau mkononi. Lenzi ilibaki wazi, sekunde ishirini zikapita, zikapita na nyingine nyingi.

Karatasi ile ilioshwa Jumatatu. Ilionyesha dirisha, benchi, misumeno ukutani, hata maranda ya mbao sakafuni, kila kimoja kikali kama sindano. Randa imelala chini peke yake. Mahali pa mtu pana ukungu mwembamba uliosimama kidogo dirishani, kisha ukavuka chumba kizima kuja upande wa kamera.